Chumba cha iodini kinahitaji kipima hewa? Piga hesabu kwanza

Hospitali ya Marekani inayotibu tezi ya shingo kwa iodini-131 ya maji, dawa yenye mionzi, lazima ijue wafanyakazi wake wanavuta kiasi gani. Si lazima ununue kifaa ili kujibu. Hesabu hutosha, na Tume ya Kudhibiti Nyuklia imeeleza pa kuanzia katika Mwongozo wake namba 8.25.

Anza na daftari la mapokezi. Jumlisha dawa yote iliyopita mikononi mwenu mwaka mzima, si ile iliyomo kabatini leo. Wengi huteleza hapa. Tuseme wagonjwa 60, kila mmoja milikyuri 100 (kipimo cha mionzi; milikyuri moja ni mikrokyuri 1,000): jumla mikrokyuri 6,000,000.

Fungua Kiambatisho B cha Sehemu ya 20 ya kanuni za Tume hiyo. Kikomo cha mwaka cha kuvuta iodini-131 ni mikrokyuri 50. Zidisha kwa 10,000 upate 500,000. Jumla isiyofika hapo kwa kawaida haihitaji kupimiwa hewa. Yetu imepita mbali. Wagonjwa sita tu wangetosha kuivusha.

Sasa kadiria kiasi ambacho mfanyakazi anaweza kuvuta kwa mwaka. Gawanya jumla kwa milioni moja: inabaki 6. Izidishe kwa namba tatu. Ya kwanza ni wepesi wa kuruka hewani: gesi na vitu vinavyofuka 1, unga na vimiminika 0.01, vitu vigumu 0.001. Iodini iko chupani kama maji, lakini hufuka, kwa hiyo mimi huiandikia 1. Ya pili ni kinga: kisanduku cha glavu (kilichofungwa, unaingiza mikono tu) 0.01, kabati la kuvuta hewa 1, meza ya wazi 100. Ya tatu ni 10 mkikata, mkisaga au mkichemsha. La sivyo 1.

Kwenye kabati la kuvuta hewa, bila kuchemsha, jibu ni mikrokyuri 6, asilimia 12 ya kikomo. Kanuni inadai ufuatiliaji pale kinachotarajiwa kuingia mwilini kinapozidi asilimia 10, ama kwa sampuli za hewa, ama kwa kupima tezi ya mfanyakazi mwenyewe. Mezani wazi jibu ni 600, mara 12 ya kikomo. Hapo usihangaike na kipima hewa, ondoa meza.

Weka hesabu hiyo kwenye faili, na kila namba uliyochagua iwe na sababu yake kando.

Mkiamua kupima hewa, kichujio cha kipima hewa kikae ndani ya sentimita 30 hivi kutoka kichwa cha anayemimina dawa. Kikitundikwa mlangoni, kitapima hewa ya mlangoni.