Kupanga njia ya miguu na baiskeli mtaani: anza na wanaotembea

Kabla ya kuchora chochote, amka saa kumi na moja alfajiri ukasimame wanapotokea watu wa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, wakielekea viwandani Industrial Area. Hawa hawapandi matatu, nauli ndiyo chakula cha mchana. Ukuta uliotobolewa, ua uliokunjwa pembeni, ubao uliotupwa juu ya mtaro: hapo ndipo njia yako ipite. Hesabu watu, baiskeli na mikokoteni kwa nusu saa. Ukisahau mikokoteni, utaikuta imejaa kwenye njia ya miguu.

Vichochoro viweke kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni waliyoitumia vijana wa Kibera kuchora mtaa wao mwaka 2009. Kisha rudi mvua ikinyesha uone maji yanapotuama, na urudi tena usiku.

Kwenye malango usiwe na haraka. Njia ikifika mbele ya ghala au kituo cha petroli, mara nyingi hushushwa hadi usawa wa lami ili gari lisitikisike. Mwenye baiskeli anabaki kupanda na kushuka, na mwenye kiti cha magurudumu anakwama ukingoni. Omba kabro (matofali ya kutandika njia) iendelee kwa kimo kilekile, gari ndilo lipande. Dereva atapunguza mwendo, apende asipende.

Upana uwe angalau mita 2, ukishatoa mti, nguzo ya stima na meza ya mama mboga. Mama mboga mwenyewe mchoree nafasi yake, usimfukuze. Jioni taa yake ndiyo ulinzi wa njia. Nguzo fupi huzuia magari kuegeshwa, lakini penye nafasi ya kiti cha magurudumu bodaboda nayo hupita. Hilo kazungumze na mwenyekiti wa steji.

Na barabara ya ndani ya mtaa usikubali iwekewe daraja la juu. Hata Thika Road, yenye magari ya kasi, wapo wanaokwepa zile ngazi na kukimbia chini. Omba tuta pana lenye kivuko juu yake.

Sasa barua ya maombi: mwandikie mwenye barabara. Barabara kuu kama Mombasa Road ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, barabara kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, zile ndogo za mtaani ni za kaunti. Kwa Kaunti ya Nairobi, taja sera yake ya mwaka 2015 iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo mwone mwakilishi wadi Januari, ukiwa na hesabu yako ya alfajiri na picha. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.