Jeki za pembeni hazinyanyui: kutuliza trela ya kukunjua kwa msimu mzima

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi Tanga, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kushika ncha moja ya mpira wa maji. Yeye anakwenda na ncha ya pili mpaka kona ya mbali ya msingi, ananiita, "Maji yametulia?" Najibu, "Yametulia, baba," naye anapiga alama kwenye kigingi. Nilikuwa na miaka minane. Leo ujuzi ule naufanyia kazi Minnesota, kando ya ziwa la Mille Lacs, kwenye kiwanja cha kambi tunachokodi kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Trela yetu ni ya kukunjua: paa linapanda kwa kuzungusha hendeli, vitanda viwili vinavutwa nje mbele na nyuma, na kuta ni za turubai. Sanduku lenyewe lina urefu wa mita tatu, lakini vitanda vikishatoka inafika sita. Watanzania na Wakenya wenzetu wa huku nao wameanza kukodi viwanja vya msimu, na kila Mei simu hazikatiki. Dada, mlango haufungi. Dada, mtoto akigeuka kitandani tunatikisika sote. Dada, friji haigandishi.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja, nami nilikosea hapohapo msimu wetu wa kwanza. Kona ya nyuma kulia ilikuwa chini, nikaizungusha jeki ya kona ile mpaka ikapanda. Pima maji ikasema sawa, nikafurahi. Tulipopandisha paa, kona moja ilichelewa nyuma ya wenzake. Mlango wetu una vipande viwili, cha juu kinashuka kutoka darini na kukaa juu ya cha chini. Siku hiyo vilipishana upana wa kidole. Nilikuwa nimeikunja chesisi, ile fremu ya chuma iliyo chini ya trela. Jeki za pembeni, yaani zile nne za kwenye kona, ni nyembamba, zimetengenezwa zizuie mtikisiko tu. Uzito wa trela unabebwa na magurudumu mawili na jeki ya mbele, na usawa wote unatafutwa hapo. Ukishalielewa hili, mengine yote ni utaratibu.

Anza na ardhi, kwa sababu hukai wikendi mbili. Anayelala siku mbili anaweza kuegesha juu ya majani akaondoka salama. Wewe unakaa miezi mitano, na huku udongo huganda majira ya baridi zaidi ya mita moja kwenda chini. Mwezi wa tano unakuwa umeyeyuka lakini bado umelewa maji. Ukiweka tairi juu yake, linazama polepole, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Muombe mwenye kambi ruhusa ya kuchimba, na kabla ya kuingiza koleo piga simu 811. Ni namba ya Marekani nzima. Watu watakuja kupaka alama palipopita nyaya na mabomba ya umma chini ya ardhi. Nyaya na mabomba ya kambi yenyewe hawayawekei alama, hayo muulize mwenyewe akuonyeshe. Kisha tengeneza vitanda viwili vya kokoto, kimoja kwa kila gurudumu, na kingine kidogo chini ya jeki ya mbele. Vya magurudumu mimi nilivifanya urefu wa mita moja na nusu, upana sentimita 60. Ondoa majani na udongo mweusi wa juu, shuka sentimita 10 hadi 15, jaza kokoto zilizovunjwa zenye kingo kali. Changarawe za duara za mtoni hazifai, zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Jaza kwa tabaka mbili, kila tabaka ushindilie mpaka kishindilio kianze kuruka badala ya kuzama. Hapa usiwe na haraka. Kokoto zilizomwagwa bila kushindiliwa ni sawa na kutofanya kitu.

Kulinganisha vitanda viwili vilivyoachana karibu mita mbili, chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, hakikisha hakuna hewa iliyonaswa ndani. Mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kushoto, mwingine kulia. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili hata kama ardhi ina mteremko. Piga alama kwenye vigingi vyote viwili, pima kutoka alama kushuka hadi kwenye kokoto, ongeza au punguza. Mwanangu ana miaka tisa na ndiye mshika ncha wangu.

Haya, sasa rudisha trela kinyumenyume mpaka magurudumu yakae katikati ya vitanda. Usiifungue kwenye gari bado. Usawa wa kulia na kushoto unatafutwa trela ikiwa imefungwa kwenye gari, kwa sababu baada ya hapo huwezi kuisogeza.

Weka pima maji kwenye sakafu karibu na mlango, au juu ya chesisi yenyewe, ikikatiza kutoka gurudumu hadi gurudumu. Usiiweke juu ya meza wala kaunta, na usiamini vile vipima maji vidogo vilivyobandikwa ubavuni mwa trela kabla hujavihakiki kwa pima maji ya kweli. Vyetu aliyetuuzia trela alivibandika vimepinda.

Kujua unyanyue kiasi gani, usibahatishe. Tuseme pima maji ina urefu wa sentimita 60. Inyanyue ncha iliyo chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Tuseme ni sentimita 1.3. Kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine ni sentimita 180, yaani pima maji tatu. Basi gurudumu la upande wa chini linahitaji 1.3 mara tatu, sentimita 3.9. Mbao inayouzwa Marekani kwa jina la mbili kwa kumi ina unene halisi wa inchi moja na nusu, ambayo ni sentimita 3.8. Mbao moja inakutosha. Baba alipiga hesabu hizi kichwani huku anakoroga mchanganyiko; mimi naziandika kwenye kipande cha karatasi, na jibu ni lilelile.

Chagua mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Iwe pana kuliko tairi, na ndefu kiasi kwamba tairi lote likae juu yake bila kuning'inia. Tairi likibebwa nusu kwa miezi mitano linaharibika ndani, hata kama kwa nje hulioni na jeraha. Ukihitaji mbao mbili, ya chini iwe ndefu zaidi ili gurudumu lipande kama ngazi. Sogeza trela mbele kidogo, panga mbao, rudi juu yake, pima tena.

Kabari zinafuata, na naomba hili usiliruke. Kila gurudumu lipate kabari mbele na nyuma, zilizogongwa zikabana. Magurudumu mawili, kabari nne. Trela kama yetu ina uzito wa kilo mia nane hivi ikiwa tupu, na ukishaiachilia kutoka kwenye tufe la gari, lile la chuma nyuma ya gari linaloshika mkono wa trela, hakuna breki ya mtu itakayoizuia. Watoto wasimame mbali, upande wa juu wa mteremko. Ndipo uzungushe jeki ya mbele mpaka mkono wa trela uachane na tufe, uifungue minyororo mwishoni kabisa, usogeze gari.

Usawa wa mbele na nyuma ni rahisi, unaupata kwa jeki ya mbele peke yake. Geuza pima maji ielekee mbele, pandisha au shusha mpaka kipovu kitulie. Chini ya jeki weka tofali la saruji la kutandika chini, la sentimita 40 kwa 40.

Sasa, na si kabla, zifikie jeki za pembeni. Kila moja weka tofali kama hilo chini yake. Shusha zile mbili za nyuma mpaka ziguse, kisha za mbele ziguse. Zunguka tena kona zote, ukiongeza nusu mzunguko kwa mkono mpaka uhisi zimekaza. Drili ya umeme inashusha haraka, lakini mwisho malizia kwa mkono, kwa sababu drili haihisi pale chesisi inapoanza kunyanyuka. Kipimo changu: naiacha pima maji sakafuni wakati nakaza. Kipovu kikisogea hata kidogo, nimeanza kunyanyua. Narudi nyuma robo mzunguko.

Pandisha paa ukisimama na kutazama kona zote nne zikipanda pamoja. Vuta vitanda, weka mihimili yake ya chini kabla mtu hajapanda, funga turubai, shusha mlango. Mlango ukikaa mahali pake bila kusukumwa, chesisi haijakunjwa. Ukikataa, usiulazimishe wala usipige randa. Legeza jeki zote za pembeni, pima upya.

Kuhusu friji, wengi hawaamini ninapowaambia kuwa tatizo ni mteremko. Friji za trela zinazotumia gesi hazina pampu. Ndani kuna amonia na maji, vinachemshwa, na kimiminika kinarudi chini kwa kuvutwa na uzito wake tu. Friji ikikaa upande, kimiminika kinatuama mahali pasipofaa, baridi inakoma, na ukiendelea hivyo muda mrefu mabomba ya ndani yanaharibika kabisa. Kwa hiyo pima na ndani ya friji yenyewe, pande zote mbili.

Wiki ya kwanza ndiyo inayoonyesha ardhi yako ina tabia gani. Mimi napima siku ya pili, siku ya saba, na asubuhi baada ya kila mvua kubwa. Ikiwa imeshuka mbele au nyuma, legeza kwanza jeki zote nne za pembeni, kisha rekebisha kwa jeki ya mbele, kisha kaza upya. Ukizungusha jeki ya mbele huku za pembeni zimekaza, unaikunja chesisi kwa mikono yako mwenyewe. Ikiwa ni gurudumu moja limezama, hakuna njia ya mkato: rudisha vitanda ndani, shusha paa, pandisha jeki za pembeni, funga kwenye gari, toa kabari, ongeza mbao, anza upya. Inachukua saa mbili. Usiingie chini ya trela iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata kuokota nati iliyoanguka.

Upepo ni jambo jingine. Tangazo la dhoruba likitoka, jeki zilizokazwa vizuri hazitoshi. Turubai linashika upepo kama tanga la jahazi. Tunashusha paa, tunafunga, tunaingia kwenye jengo la mabafu ambalo limejengwa kwa tofali. Tumefanya hivyo mara tatu, mara mbili dhoruba ikapita pembeni, na sijutii hata moja.

Oktoba, kabla ya kuondoka, nasafisha skrubu za jeki kwa brashi ya waya na kuzipaka grisi. Matofali nayaacha mahali pake nikiwa nimeyaandika namba kwa rangi, moja hadi tano. Mei yanakutwa yamehama kidogo, kwa sababu maji ya udongoni yanapoganda yanatanuka na kuinua kila kilicho juu yake, nayapanga upya. Kisha naandika kwenye daftari linalokaa kwenye droo ya vijiko. Mwaka jana liliandikwa: kulia mbao mbili, kushoto hakuna. Mwaka huu, baada ya kushindilia upya kitanda cha kulia: kulia mbao moja, kushoto hakuna.