Ukivuka Namanga, "nipe" iwe "naomba"

Ndugu zetu wa Nairobi mnaokuja Arusha au Dar, shikeni hili moja: dukani usianze na "nipe maji". Toa salamu kwanza, subiri ijibiwe, kisha sema "naomba maji". Ndiyo, pesa ni yako na unalipa, lakini "naomba" ya huku si kuomba bure. Ndivyo watu wanavyonunua. "Nipe" kavukavu, bila hata "habari za asubuhi", mwenye duka anaisikia kama amri, na atakuhudumia huku amenuna. Nimeshuhudia mara nyingi, na huniuma, kwa sababu najua mgeni hakukusudia ubaya. Kwake hilo ni neno la kawaida tu, la mtu mwenye haraka.

Na sisi Watanzania tuna letu. Tukifika Nairobi tunampa "shikamoo" dada wa miaka 30 na kitu, naye anashtuka: kwani nimezeeka? Wengi wa bara ya Kenya hawakukua na shikamoo nyumbani. Mombasa utajibiwa "marahaba" bila shida, lakini Nairobi mkono na "habari yako" vinatosha.

Ukiona uso wa mtu umebadilika ghafla, usikae kimya wala usianze kujitetea. Muulize papo hapo: "Samahani, huku kwenu husemwaje?" Swali hilo limenisaidia sokoni, kwenye matatu, hata ukweni.