Kushinda Civilization VI kwenye Deity: kompyuta ni tajiri, si mjanja

Civilization VI ni gemu ya kujenga dola zamu kwa zamu, na Deity ndicho kiwango chake kigumu kuliko vyote. Wengi wakipanda hadi hapo huamini kompyuta, yaani mpinzani wako, imeongezewa akili. Haikuongezewa hata chembe. Ilichopewa ni mtaji: inaanza na walowezi 3 na askari 5 wakati wewe una mlowezi mmoja na askari mmoja. Uzalishaji na dhahabu yake vinapandishwa kwa 80%, sayansi na utamaduni kwa 32%, na kila jeshi lake lina nguvu 4 za ziada vitani. Lakini inavyowaza ni vilevile kama kwenye Prince, kiwango cha kawaida. Basi cheza kama mnyonge aliyepakana na tajiri mzembe: usifilisiwe mapema, muuzie kila anachotaka, kisha mpite. Maelezo haya ni ya gemu yenye nyongeza ya Gathering Storm, kwa kasi ya kawaida.

1. Mji wa kwanza

Jenga zamu ya kwanza, ukichelewa sana iwe ya pili. Tafuta maji safi, maana mji wenye maji safi unaanza na makazi 5, yaani nafasi ya watu kuongezeka. Usio na maji kabisa unaanza na 2. Kilima cha uwanda kando ya mto ndiyo bahati yenyewe.

2. Okoka zamu 50 za mwanzo

Hapa ndipo watu wengi wanapokatwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mpelelezi, fuata na wapiga kombeo wawili, ndipo mlowezi. Mpiga kombeo mmoja akimmalizia adui yeyote, hata mshenzi wa msituni, elimu ya upinde inapungua gharama kwa 40%. Ukishaipata, wapandishe cheo kwa dhahabu wawe wapiga upinde: wanarusha umbali wa vipande 2 vya ramani na wana nguvu 25 za kurusha.

Jirani akileta jeshi, usitoke kumfuata. Mpandishe askari wako kilimani nyuma ya mto na umwamuru ajiimarishe. Kilima kinampa nguvu 3, kujiimarisha kwa zamu mbili kunampa 6, na adui anayeshambulia akivuka maji anaumia zaidi. Nyuma yake panga wapiga upinde. Wote warushe kwa adui mmoja mpaka afe, ndipo mwende kwa mwingine; majeruhi watatu bado wanapiga, maiti hapigi. Kompyuta itakuletea askari mmojammoja hadi waishe. Ukiona wanazidi, jenga ukuta. Askari asiye na gogo la kubomolea huuparuza tu, na mji wenye ukuta unarusha wenyewe.

Kinga rahisi kuliko hizo zote ni ujumbe wa kidiplomasia. Upeleke zamu ileile mnayokutana, kwa dhahabu 25, kabla jirani hajapata sababu ya kukuchukia. Baadaye omba urafiki rasmi. Akikubali, kwa zamu 30 hawezi kukutangazia vita.

3. Muuzie

Bidhaa ya anasa ukiwa nayo mara mbili, ya pili haikuongezei kitu nyumbani. Iweke mezani na umuulize jirani atatoa nini. Upendeleo wa kidiplomasia (pointi za kupigia kura kwenye baraza la dunia) nao unauzika, tena vizuri mno. Chukua dhahabu taslimu kila inapowezekana. Malipo ya kila zamu yanakatika siku vita inapozuka. Taslimu iko mfukoni.

Dhahabu hiyo nunulia walowezi na wajenzi. Maajabu ya enzi za kale waachie wao: ukianza kujenga, utaona yamekamilishwa ng'ambo huku wewe umebaki na kazi nusu.

4. Tanda

Lenga miji 8 hadi 10 kufikia zamu ya 100. Colonization, moja ya kadi za sera za serikali yako, inaongeza 50% kwenye kutengeneza walowezi, kwa hiyo ivae mara tu ipatikane, toa walowezi mfululizo, halafu ivue. Miji ibananishe, uache vipande 3 tu katikati. Mji mdogo wenye Campus, wilaya ya sayansi, una faida kuliko ardhi tupu uliyoiacha kwa ajili ya uzuri wa ramani.

Campus iwe wilaya ya kwanza karibu kila mahali. Kila mlima jirani unaiongezea sayansi 1, mwamba wa matumbawe au ufa wa mvuke 2. Weka msingi mapema hata kama utaujenga baadaye, kwa sababu bei inafungwa siku ya kuuweka, na isipofungwa inapanda kadiri unavyoelimika. Wilaya ya pili inataka watu 4 mjini, ya tatu watu 7.

5. Miji huru

Miji huru ni midogo inayojitawala, isiyo ya mchezaji yeyote. Wa kwanza kuukuta mmoja hupewa mjumbe wa bure wa kujenga ushawishi humo. Ndiyo maana nilitaka mpelelezi mapema. Ile ya sayansi ni ya kwanza kuhudumiwa. Ukibahatika kuikuta Zanzibar, iwekee wajumbe wa kutosha uwe msimamizi wake: utapata mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana popote pengine, kila moja ikileta viburudisho 6, yaani vitu vya kuwaridhisha raia. Kwa dola la miji kumi, hiyo inazima malalamiko kwa muda mrefu. (Watengenezaji walijua karafuu ya wapi ndiyo karafuu.)

6. Malizia kwa sayansi

Ushindi wa kivita unawezekana, ila unachosha. Kwa sayansi utawapita wenyewe katikati ya gemu, vyuo vikuu vikishasimama. Kabla ya hapo chungulia ukurasa wa ushindi mara kwa mara, hasa dini. Kuna anayeweza kuiingiza dunia nzima kwenye dini yake ukiwa umeinama maabara.

Chagua mji wenye uzalishaji mkubwa kuliko yote, jenga Spaceport, wilaya ya kurushia vyombo vya anga, na umpeleke gavana Pingala akiwa na cheo kinachoongeza 30% kwenye miradi ya anga. Mradi wa mwisho ni kutuma chombo kwenye sayari ya mbali: safari ni ya miaka ya nuru 50 na chombo kinakwenda mmoja kwa zamu. Kila kituo cha leza kinaongeza mwingine: vinne vikikamilika, safari nzima ni zamu 10. Tunza aluminiamu kwa ajili ya leza, na jasusi wako bora alinde Spaceport, kwa kuwa wa adui watakuja pale kuhujumu.