Sheria za meza kwa doria ya askari sita, bonde la Kabaw 1944

Mchezo wa kuigiza askari mezani huharibika kwa njia mbili. Ama kila mchezaji anajifanya jemadari na doria inatawanyika kama vifaranga, ama mmoja anawaamuru wenzake tangu saa tatu hadi saa sita, na waliobaki kazi yao ni kurusha dadu tu. Sheria hizi zinatibu magonjwa hayo mawili. Ziongeze juu ya mchezo wowote unaotumia dadu mbili za pande sita. Zinafaa wachezaji wanne hadi sita na msimamizi mmoja. Mkiwa pungufu ya sita, wengine wacheze askari wawili wawili.

Kwanza, vita gani? Pendekezo letu ni Burma, ambayo leo ni Myanmar. Batalioni ya 4 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), ile ya Uganda, ilikuwa katika Brigedi ya 21 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilisukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw mvua za monsuni zikinyesha, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Lugha ya KAR ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo amri mezani zinatoka kama zilivyotoka msituni, bila kutafsiri kitu. Vita vya Uganda yenyewe, vya Luwero na vya Kaskazini, usivilete mezani hata kama kila mtu anasema hana shida. Kuna watu wanaobeba mambo ya nyumbani kwao kimya kimya, na mchezo si mahali pa kuwafungulia kidonda. Kabla dadu ya kwanza haijarushwa, mkubaliane pia yasiyochezwa kabisa: kutesa mateka na kuwadhuru wanakijiji. Mateka akikamatwa, msimamizi anasema amepelekwa nyuma, basi.

Vifaa ni vichache. Dadu mbili za ludo, daftari la hesabu lenye miraba, penseli, simu ya kupimia muda, na ubao wa mweso, yaani bao la Uganda, pamoja na kete zake zote 64. Dadu za ludo za bei rahisi mara nyingi zina upande mzito, kwa hiyo zipime: rusha kila moja mara 60 huku ukiandika. Kila upande unapaswa kutokea karibu mara 10. Upande ukitokea mara 18 au zaidi, itafutie nyingine. Rushia ndani ya sinia ili dadu isikimbilie chini ya kiti na kuleta mabishano.

Ramani chora kwenye daftari, mraba mmoja ni mita 10. Msimamizi achore kile tu ambacho doria inakiona. Katika msitu ule wa miti na mianzi, mwisho wa kuona ni miraba mitatu. Mvua ikinyesha, miwili. Wasimamizi wengi wanakosea hapa: wanachora bonde zima mwanzoni, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayeogopa.

Sasa risasi, na hapa usiwe na haraka. Kete za mweso ndizo risasi zenu. Doria ina askari watano wenye bunduki ya Lee-Enfield na mmoja mwenye Bren, bunduki nyepesi ya rasharasha. Kete moja ya bunduki ni klipu ya risasi 5. Kila mwenye bunduki anaanza na kete 10, yaani risasi 50, kwa hiyo watano wanachukua kete 50. Zinabaki 14, na kila moja ya hizo ni magazini moja ya Bren, yaani kasha la risasi zake. Mpiga Bren anabeba 4, na wale watano kila mmoja anambebea 2. Hesabu inafunga sawasawa kwenye 64. Mwenye bunduki apewe mashimo mawili yanayofuatana, la kushoto risasi zake, la kulia magazini za Bren. Mpiga Bren shimo moja linamtosha.

Raundi moja ni sekunde 20. Askari aliyefunzwa alitarajiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika, kwa hiyo klipu moja kwa raundi ni kipimo cha haki. Anayepiga achukue kete kutoka shimoni kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka kwenye bakuli katikati ya meza kabla ya kurusha dadu. Usikubali kuandika tu kwenye karatasi. Mtu akiona shimo lake limebaki na kete tatu, sauti yake inabadilika, anaanza kuuliza nani ana akiba. Anayepiga kila raundi anamaliza kete 10 ndani ya dakika tatu na sekunde 20, na hapo wachezaji wapya hushtuka. Kupeana kete kunataka askari wawili wawe kwenye mraba mmoja au miraba inayopakana, na kunagharimu raundi nzima kwa wote wawili. Bren ikimaliza zake 4 wakati wenzake wametawanyika, inanyamaza. Ndiyo maana asiye na akili ya vita anakimbia mbali na Bren, na mwenye akili anakaa karibu nayo.

Kupiga mtu aliye wazi kunataka 8 au zaidi kwa dadu mbili, nafasi ya asilimia 42 hivi. Aliyejificha nyuma ya gogo, 10 au zaidi, asilimia 17. Usiongeze marekebisho zaidi ya mawili kwa mrusho mmoja. Orodha ndefu ya kuongeza na kutoa inaua mchezo kuliko Wajapani. Bunduki inakwama dadu zikitoa 2. Kukiwa na mvua au matope, inakwama kwa 2 au 3, na kuikwamua ni raundi moja. Bren haimlengi mtu mmoja. Inachagua miraba mitatu inayoshikana, inatumia kete moja, na kila aliyemo anapigwa kwa 10 au zaidi. Asiyepigwa anapimwa moyo.

Moyo ndio kiini cha sheria zote. Risasi nyingi vitani haziui, zinawalaza watu chini, na meza isiyo na sheria ya woga inageuka mashindano ya kulenga shabaha. Kila askari, wa kwenu na wa adui, akipigiwa kwa karibu au akiona mwenzake anaanguka, arushe dadu mbili. Kwa 7 au zaidi, nafasi ya asilimia 58, anaendelea. Chini ya hapo amebanwa: alale, raundi ifuatayo anaweza kutambaa mraba mmoja au kupiga bila kulenga, yaani anahitaji 11. Akishindwa mara tatu hanyanyuki tena mpaka koplo, kiongozi wa doria, amfikie. Koplo akiwa ndani ya miraba miwili na anaonekana, ongeza 1. Nafasi inapanda hadi asilimia 72. Nyongeza hiyo moja inamtoa koplo mafichoni kuliko hotuba yoyote ya msimamizi.

Na amri? Mwanzo wa kila raundi koplo ana sekunde 30 kwa saa ya simu, wengine wote kimya. Anasema nani, wapi, na nini, kwa sauti ya mhusika wake:

“Bren, piga ukingo wa mianzi! Namba tatu na namba nne, tambaeni kushoto mpaka kijitoni!”

“Ndiyo afande!”

Hiyo ni amri. “Wewe sogea miraba miwili halafu mlenge yule wa kulia maana utahitaji nane” si amri, ni kumchezea mwenzako, na msimamizi aikate hapo hapo. Koplo anataja lengo. Namna ya kulifikia ni ya mchezaji. Anayetii anaongeza 1 kwenye mrusho wake wa raundi hiyo. Asiyetii hana adhabu, ila hana nyongeza. Usiweke adhabu, hata ukishawishika: mchezaji anayeadhibiwa na rafiki yake mezani hakumbuki mchezo, anakumbuka rafiki. Sekunde 30 zikiisha katikati ya sentensi, waliokuwa hawajatajwa wanajiamulia. Ukoplo uzunguke kila kikao. Koplo akianguka, lansi-koplo, msaidizi wake, anashika, lakini raundi moja inapita bila amri yoyote, na raundi hiyo huwa ndefu.

Aliyepigwa arushiwe dadu moja. Kwa 1 au 2 amekwaruzwa, anaendelea. Kwa 3 au 4 hawezi kutembea. Kwa 5 yuko mahututi, na asipofungwa bendeji ndani ya raundi tatu amekufa. Kwa 6 amekufa papo hapo. Wachezaji huona 6 ndiyo mbaya kuliko zote, lakini kinachovunja doria ni 3 na 4. Majeruhi mmoja anataka watu wawili kumvuta hadi mafichoni na wanne kubeba machela siku nzima kwenye matope. Kati ya sita amebaki mmoja asiyebeba machela wala kubebwa. Mwachie koplo uamuzi wa kurudi au kuendelea, na msimamizi asimsaidie.

Malaria isisahaulike, maana bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya homa kabla ya vita. Askari waliopigana Burma walipewa vidonge vya mepakrini, dawa ya kukinga malaria, vilivyoigeuza ngozi kuwa ya manjano. Kila asubuhi ya mchezo, kabla koplo hajataja kazi ya siku, mchezaji mwenyewe aseme, “Nimemeza.” Asikumbushwe na yeyote. Kisha kila mmoja arushe dadu mbili: aliyemeza anapata homa kwa 2 tu, aliyesahau kwa 5 au chini, ambayo ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Mwenye homa anapunguza 1 katika kila mrusho kwa siku tatu. Koplo anaweza kuwakagua wote, lakini ukaguzi unakula saa moja ya mwanga. Watu wakianza kusema “nimemeza” kwa pamoja kama wimbo, anza kuuliza mmoja mmoja.

Askari akifa, mchezaji wake asikae bure. Apewe mara moja mmoja wa adui acheze mpaka mapigano yaishe, na askari mpya ajiunge doria ikirudi kambini, akiwa na kete 10 zake. Jina la aliyekufa liandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na kijiji mchezaji alichomchagulia.

Kabla hamjaachana, hesabuni kete zirudi 64. Mkibaki na 63, inueni sinia na mtazame chini ya mkeka.