SOMO: Kukodi nyumba ya kwanza Unguja, na namna ya kupita pale mwenye nyumba anapokuulizia

Assalaam alaykum. Ujumbe ninaoupata ni ule ule: "Nyumba nimeiona, pesa ninayo, mwenye nyumba alikubali, kisha akanyamaza na kumpa mtu mwengine. Kosa langu nini?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi naandika mara moja na atakayeniuliza nitamwelekeza huku.

Naandika kwa anayekodi mara ya kwanza, anayetoka kwa wazee au dahalia, anatafuta chumba na ukumbi Fuoni, Kwarara, Tomondo, Bububu. Pemba mambo ni hayo hayo, ila kule watu wanajuana zaidi, kwa hiyo habari zako zitatangulia kufika.

Mwenye nyumba wa kwetu hakai mbele ya kompyuta kutazama historia ya madeni yako. Anauliza watu. Atamuuliza jirani wa ulikotoka, bosi wako, mwenye duka wa mtaani kwenu, na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) akimjua. Majibu yakilingana na uliyomwambia, nyumba unapata. Yakipishana hata kidogo, hatakwambia kitu, atampa mwengine. Kazi yako ni kuhakikisha maneno yako, karatasi zako na watu wako wanasema kitu kimoja.

Hatua ya 1. Kitambulisho. Cha Mzanzibari mkaazi, kopi mbili tatu, picha isomeke.

Hatua ya 2. Barua ya sheha. Ya sheha wa unakoishi sasa, si wa unakohamia. Ukishahamia, nenda kajitambulishe kwa sheha mpya siku za mwanzo, usingoje akutafute.

Hatua ya 3. Kipato. Wengi wanadhani ukishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hakuna wa kukuuliza unafanya kazi gani. Atakuuliza, kwa sababu yeye anawaza mwezi wa saba. Mwenye mshahara apeleke hati ya mshahara na taarifa ya benki ya miezi sita. Anayefanya kazi hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje ajue kwamba mwenye nyumba anaijua masika vizuri: Aprili na Mei wageni wanapungua na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Kwa hiyo usimpelekee taarifa ya Julai na Agosti tu. Mpelekee inayofika hadi masika iliyopita, aone mwenyewe kwamba pesa iliingia, au kwamba ulikuwa na akiba ukala na ukalipa. Mfanyabiashara mdogo achukue taarifa ya miamala ya simu. Mwenye mikarafuu aliyeuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ana stakabadhi zake, azilete. Hizo ni karatasi za serikali, zina uzito kuliko maneno.

Hatua ya 4. Watu watakaoulizwa. Hapa soma polepole. Mie hatua hii ilinikosesha nyumba ya Kwarara, nyumba nzuri yenye kisima. Nilitoa nambari ya bosi wangu bila ya kumwambia. Akapigiwa na mtu asiyemjua, akaulizwa kama mimi ni mfanyakazi wake na napata kiasi gani. Akajibu kama angejibu mtu yeyote mwenye tahadhari: "Habari za wafanyakazi sizitoi kwenye simu." Kwa bosi hilo ni jibu la heshima. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba sijulikani. Jioni ile ile nyumba ikachukuliwa.

Kwa hiyo, kabla hujaanza hata kutafuta nyumba, chagua watu watatu na uzungumze nao ana kwa ana. Mwambie kila mmoja atapigiwa, nyumba iko mtaa gani, na wewe umesema umekaa au umefanya kazi tangu lini. Tarehe zinaangusha watu wengi. Wewe umesema umefanya kazi miaka mitatu, bosi anasema "mwaka na nusu hivi", na wote wawili mnasema kweli, maana wewe unahesabu tangu ulipoanza kibarua na yeye tangu mkataba. Lakini aliye upande wa pili wa simu hayajui hayo.

Jengine ni jina. Kitambulisho kinasema jina la baba na babu, mtaani unaitwa kwa jina la utani tangu utotoni. Mwenye nyumba akifika kwenu akaulizia jina la kitambulisho, watu wanatazamana, "hatumjui huyo". Si uongo, hawakujui kwa jina hilo. Mwambie mapema: "Mtaani ulizia fulani."

Watatu hao wasiwe jamaa zako wote. Baba, ami na mjomba watakusifu, na mwenye nyumba anajua watakusifu. Mchanganye mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, na mmoja asiye na damu wala mshahara na wewe: mwalimu wako wa chuoni, imamu, jirani mzee.

Na uliza wazi: anataka mtu wa kukutambulisha tu, au anataka mdhamini atakayelipa ukishindwa? Hayo ni mambo mawili. Usimtie mzee wako sahihi kwenye karatasi ya dhamana akidhani anatoa ushahidi wa tabia. Nimeona ndugu wakikosana kwa sababu hii na hadi leo hawajapatana.

Onyo la mwisho katika hatua hii, na watu hulipuuza: duka. Daftari la madeni la duka la mtaani kwenu ndilo linalosomwa kukuhusu. Mwenye duka anajua unalipa tarehe ngapi, anajua ulikopa mchele ukaanza kupita njia ya nyuma. Lipa hata kama ni elfu tatu.

Hatua ya 5. Mikopo ya simu na benki. Taarifa zake hukusanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kama Creditinfo. Mwenye nyumba wa Fuoni hazitazami, lakini siku utakayotaka mkopo wa kujenga, benki itazitazama. Usiache kimkopo kidogo cha simu kikalala.

Hatua ya 6. Mkataba. Uandikwe, usainiwe na mashahidi, na kila pesa unayotoa upewe stakabadhi. Mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ipigwe picha siku ya kukabidhiwa funguo.

Maswali yaje, ila someni kwanza.

—

Kijana wa Mtoni: Shukran, ila ni refu sijamaliza. Kwa hiyo kopi ya kitambulisho inatosha?

Mwandishi: Haitoshi. Soma hatua ya 2 mpaka ya 4.

Mpishi: Shikamoo. Mimi natoka Tanga, nafanya kazi ya upishi Kiwengwa, nataka kukodi mjini maana mke wangu anakuja. Nina kitambulisho cha NIDA tu. Sina jirani wa zamani hapa, nimekuwa nikikaa nyumba ya wafanyakazi. Nianzie wapi?

Mwandishi: Marahaba, karibu sana. Uko vizuri kuliko unavyodhani. NIDA ni kitambulisho halali, kipeleke. Ongeza barua ya mwajiri inayotaja tarehe uliyoanza, na barua ya serikali ya mtaa wa kwenu Tanga. Msimamizi wa nyumba ya wafanyakazi ndiye jirani wako wa zamani, mwombe akubali kupigiwa. Sheha wa Kiwengwa nenda kamuone hata sasa, kama hajakuandika hawezi kukusemea. Na uliza ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yako kuhusu kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Kisha mwambie mwenye nyumba kwamba unahamia na mke. Familia inampa utulivu wa moyo.

Chapuchapu: Mie sijawahi kukodi, huyu mwenye nyumba anataka nambari ya mwenye nyumba wa zamani. Rafiki yangu anaweza kupokea simu akajifanya ndiye?

Mwandishi: Hapana. Uongo sikufundishi. Atamuuliza nyumba yake iko karibu na msikiti gani, na mita ni ya nani, na hapo hapo mmekwisha. Kutokuwahi kukodi si aibu. Sema: "Nilikuwa kwa wazee wangu, Jang'ombe, hawa hapa majirani zetu." Inatosha na ni kweli.

Chapuchapu: Wenzangu wamefanya hivyo wakapata.

Mwandishi: Basi waulize wao.

Muuguzi: Assalaam alaykum dada. Mie sijaolewa, nafanya kazi hospitali ya mjini. Wenye nyumba wawili wamenambia nije na mume au na baba. Baba alishafariki, ami yangu yuko Wete. Karatasi zangu zote ziko sawa. Nifanyeje?

Mwandishi: Waalaykum salaam, bibie. Mungu amrehemu mzee. Inaniuma kwamba mtu mwenye mshahara na kazi ya kuhudumia watu anaambiwa hivi, na si haki, lakini nakupa njia iliyowafaa wengine. Mwombe ami yako ampigie yeye mwenyewe mwenye nyumba, asingoje kupigiwa. Sauti ya mzee inayosema "huyu ni mtoto wangu, likitokea lolote niite mimi" inafungua mlango. Siku ya kuiona nyumba nenda na mama mdogo, shangazi au mkuu wako wa kazi mwanamke. Mueleze mapema kuhusu zamu za usiku, kwa sababu majirani watakuona ukitoka saa mbili usiku na kurudi asubuhi, na asipojua sababu ataisikia kwa wengine. Na tafuta nyumba ambayo mwenyewe anakaa uani au jirani, hasa mama mtu mzima. Hao wengi wanapenda kuwa na muuguzi karibu.

Muuguzi: Hilo la zamu sikulifikiria kabisa. Nampigia ami leo.

Mjuaji: Wewe ni dalali tu, unatisha watu ili waje kwako.

Mwandishi: Sijawahi kuchukua senti ya mtu. Dalali anataka akulaze ndani haraka apate kodi yake ya mwezi mmoja, mie nawaambia mchukue muda mjiandae kwanza. Pima mwenyewe.

Mama Salma: Samahani natoka kidogo nje ya mada. Kijana wangu amepata masomo Leicester, Uingereza. Huko nako wanaulizana kwa sheha?

Mwandishi: Huko mie sikuwahi kukodi, naomba aliyeko ajibu.

Mzenji Leicester: Mama Salma, huku sheha wake ni kompyuta. Kuna kampuni tatu zinazoweka historia ya madeni ya kila mtu: Experian, Equifax na TransUnion. Kijana akifika hana historia yoyote, na kutokuwa na historia kunamfanya aonekane kama mtu asiyejulikana. Afungue akaunti ya benki, laini ya simu ya mkataba iwe kwa jina lake na ailipe kwa wakati. Na jambo ambalo wengi hawalijui: Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo Mtanzania anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, na hizo kampuni hulitumia daftari hilo kuthibitisha anwani yake. Kampuni nyingi zinazokagua wapangaji kwa niaba ya wenye nyumba zinataka kipato cha mwaka kifike mara 30 ya kodi ya mwezi. Mwanafunzi hafiki hapo, kwa hiyo ataombwa mdhamini anayeishi Uingereza. Mwenye nyumba wa England pia lazima akague kama mgeni ana haki ya kukodi. Amana haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na lazima isajiliwe kwenye mpango wa ulinzi wa amana ndani ya siku 30.

Mama Salma: Na kodi ya miezi sita mbele?

Mzenji Leicester: Zamani wageni tukilipa hivyo ili tukubaliwe. Sheria ya 2025 imelizuia hilo kwa England: kuanzia Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla. Ila akipanga dahalia ya chuo, taratibu ni zao, aulize chuo.

Mwandishi: Ahsante sana, nimejifunza. Kumbe na huko ni yale yale, jina na anwani vilingane kila mahali.

Fundi Umeme: Dada umeitaja Tukuza kwa mstari mmoja, na humo ndimo watu wanamoumia. Picha haitoshi. Mita inaweza kuwa na deni la mpangaji aliyepita.

Mwandishi: Haki yako. Endelea tafadhali.

Fundi Umeme: Kabla ya kutoa kodi, nunua umeme wa pesa ndogo mbele ya mwenye nyumba, muangalie pamoja umepata yuniti ngapi. Zikija pungufu kuliko kawaida, kuna deni linakatwa. Mwenye nyumba akalimalize ZECO, shirika la umeme, kwanza, ndio uhamie. Maji nayo, muombe stakabadhi ya mwisho ya ZAWA, mamlaka ya maji.

Dada wa Tomondo: Maji kuwepo kwenye bomba mchana haitoshi. Ulizeni jirani yanatoka saa ngapi. Kwetu yanakuja usiku, asiye na tangi anaamka kujaza ndoo.

Mpishi: Na nikienda kuiona nyumba, muda gani mzuri?

Dada wa Tomondo: Mara mbili kaka. Mara moja baada ya Magharibi, uone mtaa ukoje na watu wakiwa nyumbani. Mara ya pili mvua ikinyesha. Kama ni kiangazi na mvua hakuna, tazama kuta za nje kwa chini, alama ya maji inabaki hata ikipakwa rangi, na nyuma ya kabati ndiko inakoonekana zaidi. Mke wako mpeleke kwenye choo na jikoni, yeye ataona usiyoyaona.

Mpishi: Nimeshaongea na msimamizi wetu, kakubali kupigiwa. Kaniuliza aseme nimekaa tangu lini.

Mwandishi: Mpe tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya mwajiri, hiyo hiyo, na wewe uitaje hiyo hiyo.