Somo: kupima tofali la tanuru kwa kulivunja (nasema mara moja)

Kila juma ujumbe ni ule ule: "Yaya, tofali la tanuru linapimwaje nguvu?" Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia hili. Tunapima nguvu ya kupinda, yaani tofali linalojengea tanuru linahimili mkazo gani likipindwa kabla ya kuvunjika, likiwa baridi. Nguvu yake likiwa jekundu motoni ni kipimo kingine.

1. Chagua matofali mazima matano au zaidi, yatoke pande tofauti za shehena.

2. Yakaushe kwa nyuzi 110 hadi uzito usishuke tena.

3. Pima upana na unene pale katikati litakapovunjikia. Ukiandika unene 66 badala ya 64, jibu limepotoka kwa asilimia 6 hivi.

4. Kulilaza. Soma polepole. Tofali linakaa juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 180. Cha tatu kinashuka juu, katikati kabisa. Tofali lililochomwa halinyooki sawasawa. Likikalia pembe tatu na ya nne ikaning'inia, chuma cha juu kinalisokota badala ya kulipinda, linakatika mapema, nawe unakwenda kugombana na aliyekuuzia. Kwa hiyo chuma kimoja cha chini na kile cha juu viachwe viyumbe, vifuate uso wa tofali. USIVIKAZE. Futa chenga na vumbi. Ufa ukipita mshazari badala ya kukata wima katikati, namba hiyo itilie shaka.

5. Pandisha mzigo bila kushtua, megapaskali 0.15 kwa sekunde (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita mraba). Vaa miwani.

6. Hesabu: 3 × mzigo × umbali wa vyuma, gawa kwa 2 × upana × unene × unene. Mzigo kwa nyutoni, urefu wote kwa milimita. Tofali la 230 × 114 × 64 likivunjika kwa nyutoni 15,000, ni megapaskali 8.7.

MASWALI

— Nimepata 0.87. Tofali bovu?

Mashine yako inasoma kilo. Zidisha kwa 9.81. Hatua ya 6 imeandikwa nyutoni.

— Mimi nilikaza vyuma vyote ili visitetemeke. Kuna shida?

Ipo. Hatua ya 4.

— Yaya, mbona shehena moja inatoa namba zinazopishana hivi?

Hilo ndilo swali. Kauri, yaani udongo uliochomwa kama tofali hili, haivutiki kama shaba; inakatikia kwenye kasoro mbaya kuliko zote palipo na mkazo, na kila tofali lina yake. Msweden Waloddi Weibull aliiwekea hesabu mwaka 1939. Ndiyo maana kipande kidogo huonekana kigumu kuliko tofali zima: nafasi ya kasoro kubwa ni ndogo. Usichanganye vipimo vya saizi mbili.

— Ninayeyusha aluminiamu ya masufuria komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Mashine sina.

Huihitaji, ndugu. Kata vijiti vya milimita 25 × 25, vyuma viachane 125, ning'iniza ndoo katikati, mimina mchanga taratibu hadi kikatike. Pima ndoo na mchanga wake: kila kilo ni megapaskali 0.12. Weka gunia chini, usiumie mguu.

— Na matofali ya magnezia (oksidi ya magnesiamu) yaliyolowa mvua ya Januari, nikiyakausha yatapona?

Hapana. Magnezia ikishika maji inageuka hidroksidi, inavimba, inapasua tofali kutoka ndani. Vunja mawili uone. Yenye mtandao wa nyufa nyembamba usiyapeleke kwenye tanuru la shaba.

— Turubai linatosha?

Na mbao chini. Maji hupandia chini.